Mali Bila Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi nilidhani methali hii inawahusu wenye maduka tu. Nilikuja kutambua baadaye kwamba ardhi nayo ina daftari lake, na kwamba mimi, nikiwa kijana wa miaka 18, nililichana kurasa zake kwa mikono yangu mwenyewe. Insha hii ni historia ya mashine iliyonisaidia kufanya hivyo. Si historia ndefu, lakini ndani yake yumo rais aliyekufa kitandani, askari aliyetoa akili yake bure, na mkulima aliyepoteza nyundo. Na mwishoni, ndugu msomaji, limo deni langu.

Ilikuwa mwaka 1979, mjini Tabora. Vita vya Kagera vilikuwa vimetuachia uhaba wa kila kitu: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na betri za redio zilitafutwa kama dawa. Mimi nilikuwa najifunza kazi kwa fundi redio mmoja aliyekuwa na kibanda chake chini ya mwembe. Fundi alikuwa na rundo la majarida ya zamani ya Kiingereza, yaliyoliwa na mchwa pembeni, na katika mojawapo mlikuwa na mchoro wa mashine ya kutafutia metali iliyofukiwa ardhini, ile ambayo vijana wa machimboni siku hizi wanaiita ditekta. Alinionyesha mchoro ule siku moja ambayo hatukuwa na mteja hata mmoja. Tukatazamana. Wote wawili tulifikiria jambo moja: mali ya Mjerumani.

Kila mtoto wa Tabora amesikia habari za mali ya Mjerumani, na uvumi huu haukuzuka hivi hivi tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizingirwa, meli zao hazikufika, na fedha ikawaishia. Mwaka 1916 wakaanza kupiga sarafu hapo hapo Tabora, katika karakana ya reli. Walipiga heller za shaba, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilikuwa zaidi ya 16,000. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini, na Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini. Basi watu wakajiuliza, je, waliondoka na zote? Kijana gani mwenye waya na betri asingetaka kupata jibu?

Tulipokuwa tunaitengeneza mashine yetu, Fundi alipenda kunisimulia ilikotoka. Mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika stesheni ya reli mjini Washington. Risasi moja ilibaki mwilini, na madaktari hawakujua iko wapi. Siku hizo hapakuwa na picha za eksirei. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akajitolea kuitafuta. Miaka miwili nyuma David Hughes alikuwa amekwisha onyesha kwamba koili mbili za waya zinaweza kupangwa zikanyamazishana kabisa, na kipande cha metali kikisogezwa karibu, unyamavu ule unavunjika. Bell aliunganisha koili za namna hiyo na simu yake, akazijaribu kwa askari wazee waliokuwa bado wana risasi mwilini tangu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akaona zinafanya kazi.

Lakini kwa Garfield zilishindwa. Alijaribu mwishoni mwa Julai, akajaribu tena tarehe 1 Agosti, na mara zote mbili mlio haukumwonyesha risasi ilipo. Ilikuja kujulikana kwamba rais alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma. Kulikuwa na jambo jingine pia. Daktari mkuu, Willard Bliss, aliamini kwamba risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko Bell alikoruhusiwa kutafuta. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba kwa usaha na homa, baada ya wiki nyingi za vidole na vyombo vichafu kuingizwa jerahani. Maiti ilipopasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto.

Fundi alipomaliza kunisimulia habari hii alicheka, akasema mashine haikuwa na kosa. Masikio ilikuwa nayo, ila ilipelekwa mahali pasipo na neno. Mimi nilicheka naye. Sikujua kwamba miezi michache baadaye nami ningeushika ukweli mikononi na kuutupa.

Baada ya Bell miaka mingi ilipita. Katika miaka ya 1930 Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi za redio, aligundua kwamba mawimbi yake yalipotoshwa penye mawe yenye madini. Akaigeuza kasoro ile kuwa bidhaa, na mwaka 1937 akapata hataza ya mashine yake. Kisha vikaja vita vya pili, na mabomu ya ardhini. Luteni Józef Kosacki, mhandisi wa Kipolandi aliyekimbilia Uingereza baada ya nchi yake kuvamiwa, alibuni huko Skotlandi mashine ambayo askari mmoja aliweza kuibeba na kuipunga mbele yake kama mtu anayefyeka majani. Mashine 500 hivi zilitumika El Alamein mwaka 1942 kufungua njia katika mabomu ya Rommel, na kasi ya kusafisha ardhi ikawa karibu mara mbili ya ile ya awali. Kosacki hakuchukua hataza. Aliitoa mashine ile bure kwa jeshi la Uingereza, na malipo yake yalikuwa barua ya shukrani ya Mfalme George wa Sita. Aina yake iliendelea kutumika katika jeshi lile kwa karibu nusu karne. Sijui ni wangapi walirudi nyumbani na miguu yao miwili kwa sababu yake.

Vita vilipokwisha, maghala ya majeshi yalijaa mashine hizi, zikauzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Hapo ndipo wapenzi wa kutafuta walipozaliwa. Raia wa Marekani na Uingereza walizinunua, wakazifungua, wakaanza kuzirekebisha: kupunguza uzito, kubadili koili, na baada ya transista kuenea, kuondoa zile valvu zilizokula betri kama nzige. Miaka ya 1960 viwanda vidogo vikaanza kutengeneza mashine za raia, na miaka ya 1970 kazi hii ikawa starehe ya watu maelfu mwisho wa juma. Wasio na fedha walijitengenezea wenyewe kwa michoro ya majarida. Jarida mojawapo, kwa njia nisiyoijua, lilifika Tabora.

Mashine yetu ilikuwa ya aina iliyo sahili kuliko zote. Ndani yake mlikuwa na mitambo miwili midogo iliyotetemesha umeme mara malaki kwa sekunde. Sikio la binadamu halisikii mtetemo wa kasi hiyo, lakini mitambo miwili ikiwekwa pamoja husikia tofauti yake: kama mmoja unatetema mara 500,000 na mwingine mara 500,400, redio hutoa mlio wa mitetemo 400, kama mbu mnene. Mtambo mmoja tuliufungia ndani ya boksi usibadilike. Mwingine ulitegemea koili iliyopitishwa juu ya ardhi. Koili ikikaribia metali, mtetemo wake hubadilika kidogo, na mlio hupanda au kushuka. Kwa kawaida shaba na fedha huupandisha na chuma huushusha, ingawa bati pana linaweza kukudanganya.

Kuitengeneza kulituchukua majuma mawili, kuirekebisha miezi minne. Waya tuliutoa katika transfoma iliyoungua. Koili ya kwanza ilikuwa na upana wa sinia. Ilisikia debe lililofukiwa kwa kina cha mkono, lakini ilipita juu ya senti bila kusema neno. Ya pili tuliizungusha juu ya kisahani. Hiyo ilisikia senti, ila isiwe chini zaidi ya vidole vichache. Tukachagua ukubwa wa katikati. Jua lilipopanda mlio ulitangatanga wenyewe, tukalivika boksi kipande cha blanketi. Majani yenye umande yaliifanya ipige kelele kila mahali, na dawa yake ilikuwa ndani ya jarida: kuivika koili karatasi ya bati na kuiunganisha na betri. Tukaokota paketi za sigara, tukabandua karatasi zake za kung'aa, tukazungushia. Fundi aliacha pengo la upana wa kidole mwishoni mwa pete. Nikamuuliza kwa nini asiifunge kabisa.

"Ukiifunga," alisema, "hilo bati lenyewe ndilo litakalokuwa metali. Mashine itajisikia yenyewe tu, isisikie kitu kingine."

Shamba tulilochagua lilikuwa la bibi mmoja pembezoni mwa mji, mjane mwenye umri uliopita miaka 70. Tulimwamkia, tukamweleza. Alicheka, akasema, "Chimbeni, wajukuu zangu. Mtanilimia bure." Tukachimba siku tatu. Mashimo yalifika thelathini na ushei, na mavuno yalikuwa vizibo vya soda, misumari, na sikio la sufuria. Siku ya nne mlio ulishuka ghafla, kisha ukapanda, mahali pale pale. Kwa kina cha mkono mpaka kiwiko tulikuta majembe mawili ya kienyeji, yale ya kufuliwa na wahunzi, mapana kama moyo na yenye mkia wa kuingiza mpinini, yamelala moja juu ya jingine. Chini yake, katika donge la kutu na udongo, mlikuwa na shanga za buluu na sarafu kumi na moja za heller 20. Kila sarafu ilikuwa na taji, herufi DOA, mwaka 1916, na herufi T.

Dhahabu haikuwemo. Tulizikwangua sarafu kwa mchanga zikang'aa, na mfanyabiashara mmoja wa mjini akatupa bei ya betri za miezi miwili. Shanga tuliwagawia watoto waliokuwa wakitutazama. Majembe tuliyatupa kwenye ua wa miti ya minyaa. Kisha tukafukia mashimo yote vizuri, kama tulivyoahidi, tukijiona waungwana.

Yaliyofuata nitayasema mwishoni. Kwanza niseme niliyoyasoma miaka mingi baadaye, maana bila hayo nisingejua ukubwa wa tulilolifanya.

Huko Uingereza wapenzi wa mashine hizi waligombana vikali na wanaakiolojia. Mwaka 1980 wanaakiolojia walianzisha kampeni ya kuwashutumu kwamba wanaiba historia ya nchi. Mwaka uliofuata nao wakaunda baraza lao la kujitetea. Kila upande ulikuwa na haki kiasi. Pale Wanborough, katika miaka ya 1980, mahali penye mabaki ya hekalu la zama za Warumi pakajulikana kwa umma, na wachimbaji wa usiku wakapavamia wakaondoka na sarafu maelfu zilizotawanyika masokoni. Ushahidi wa kuwatia hatiani ulikuwa mgumu kupatikana kwa sheria za zamani, na kashfa ile ilichangia kutungwa kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, iliyoanza kazi mwaka 1997.

Lakini lipo pia tukio la Hoxne, katika jimbo la Suffolk. Novemba 1992 mkulima mmoja, Peter Whatling, alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mstaafu aliyepewa mashine ya kutafutia metali kama zawadi ya kustaafu, amsaidie kuitafuta. Tarehe 16 Novemba mashine ililia, Lawes akachimba, akakuta sarafu, mikufu na vijiko vya fedha. Alijaza mifuko miwili. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifanya: akaacha kuchimba. Akatoa taarifa, na kesho yake wanaakiolojia wakaja wakaitoa hazina iliyobaki pamoja na udongo wake.

Ilikuwa hazina ya Kirumi: sarafu karibu 15,000 za dhahabu, fedha na shaba, na vyombo na mapambo yapatayo 200. Kwa kuwa vilikutwa vimelala kama vilivyowekwa, iliweza kujulikana kwamba vilipangwa ndani ya sanduku la mbao, vingine katika visanduku vidogo. Sarafu za mwisho kabisa zilikuwa za mwaka 407 au 408. Basi mwenyewe hakuzika kabla ya hapo, na hiyo ndiyo miaka utawala wa Kirumi ulipokuwa unaiachia Uingereza. Bangili moja ilikuwa imetobolewa maandishi ya kumtakia mema bibi aliyeitwa Juliana. Mtu alifungasha vitu vya nyumbani kwake kwa utaratibu, akitarajia kurudi, na hakurudi. Habari yote hii ilitoka katika mpangilio wa vitu udongoni. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na Whatling. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum pamoja na hazina.

Tangu mwaka 1997 Uingereza na Wales zina mpango ambao mpenzi wa mashine huandikisha kwa hiari yake vitu alivyookota na mahali alipoviokotea, na vilivyoandikwa vimepita milioni moja. Maadui wa jana wamekuwa, kama si ndugu, basi majirani. Kwetu Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, na inamtaka anayechimba kutafuta vitu vya kale awe na kibali. Sisi wawili hatukuwahi kuisikia.

Nilipoisoma habari ya Hoxne mikono iliniishia nguvu. Sarafu za mwisho ndizo zinazosema tarehe! Sarafu zetu zote kumi na moja ziliandikwa 1916. Yeyote aliyezika majembe yale hakuyazika kabla ya mwaka ule, na yaelekea aliyazika upesi, wakati mizinga ilipokuwa inausogelea mji. Ila mimi sikuhitaji kwenda British Museum kuambiwa hayo. Niliambiwa mwaka ule ule wa 1979, na mtu aliyekuwepo.

Siku ya pili baada ya kuuza sarafu nilirudi shambani kuchukua koleo nililosahau. Nilimkuta bibi amesimama penye ua wa minyaa, ameshika moja ya majembe yale kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu, hili mmelitoa wapi?"

Nikamwambia, humu shambani.

"Shimo gani?"

Nikanyamaza. Akanieleza taratibu, bila kunilaumu. Alikuwa msichana mdogo vita vilipofika. Siku walipokimbilia porini mama yake aliyazika majembe ya mahari yake karibu na mlango wa nyumba, ndani ya kitambaa, pamoja na vitu vingine. Walipokaa huko miezi, nyumba ilichomwa, mvua ikanyesha, pakaota majani, na waliporudi hawakupatambua. Mama yake alitafuta mpaka alipokufa. "Si kwa ajili ya majembe," alisema. "Kando ya mlango ule tulimzika mdogo wangu, wiki moja kabla ya kukimbia. Ukinionyesha yalipokuwa majembe, nitajua alipolala."

Nikageuka kulitazama shamba. Mashimo thelathini na ushei, yote yamefukiwa vizuri, yote yanafanana. Hatukuwa tumeweka hata kijiti.

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilinyoosha kidole, nikaonyesha penye udongo uliokuwa bado mbichi, karibu na kichuguu. Aliniamini. Alikwenda polepole, akasimama hapo muda mrefu, halafu akaniomba nimsaidie kubeba jiwe kutoka ukingoni mwa shamba. Nikalibeba. Tukaliweka.

Fundi amekwisha kufa, na bibi alitangulia zamani. Mimi ndiye niliyerithi kibanda. Mara kwa mara vijana wanaotafuta dhahabu huniletea mashine zao za kisasa, zenye kioo na namba, niwabadilishie koili au nizibe waya uliokatika. Nawatengenezea. Nikiwarudishia nawapa pamoja nayo daftari dogo la shule na penseli, na kuwaambia kwamba kila wakichimba waandike wapi, kina gani, na kitu gani kilikuwa kando ya kingine. Baadhi yao hucheka. Wachache huandika.

Lile jiwe bado lipo. Wajukuu wa bibi wanalima kulizunguka, hawaligusi. Huenda liko mahali pake, huenda haliko. Mtu pekee aliyekuwa na nafasi ya kujua nilikuwa mimi, na siku ile sikuangalia.